Swali Lililoachwa Nje ya Gazeti

Gazeti la Mwanga wa Pwani lilipofika Kinjumbi halikusomwa, lilisikilizwa. Wenye kujua kusoma walikuwa wachache, na hao wachache nao waliona raha kusikiliza, kwa sababu msomaji alikuwa Fakihi bin Abdurahmani, mwenye duka, na Fakihi akisoma habari za vita ungedhani yeye mwenyewe ndiye aliyewatoa Wataliani Habeshi. Alikuwa akikaa juu ya debe la mafuta ya taa, debe tupu, maana mafuta yenyewe yalikuwa yamemezwa na vita. Akilinyoosha gazeti, akikohoa, kisha akianza na jina lake, mwezi, mwaka wa 1943, hata na bei. Alisema si adabu kuruka maneno ya watu.

Siku hiyo baraza la duka lilijaa. Mwalimu Severini Likwata alikaa karibu na mlango, mahali pa heshima, mahali alipopewa tangu gazeti hilohilo lilipomsifu miezi michache nyuma. Watu walikuwa bado wanamwita "mwalimu wa gazetini," naye akijifanya hasikii vizuri ili warudie.

Fakihi akamaliza vita vya Libya, akawazamisha wote waliostahili kuzamishwa, akageuza ukurasa.

"'Jihadharini na ndimi wakati wa vita,'" akasoma kwa sauti ya hotuba ya Ijumaa. "'Mfanyabiashara mmoja mashuhuri wa Kinjumbi...'"

Akasita, akawatazama watu juu ya miwani. Wafanyabiashara wa Kinjumbi walikuwa wawili, na yule wa pili aliuza chumvi peke yake.

"Endelea, mashuhuri," mtu akamwambia. Watu wakacheka, na Fakihi akajiweka sawa juu ya debe lake.

"'...amesema mbele ya umati wa watu kwamba mwalimu wa shule ya hapo huwafundisha watoto kumkataa Kingi Joji, na kwamba huwanywesha maji ya dawa darasani ili risasi za Serikali zigeuke maji. Je, huu ndio uhuru wa elimu? Uhuru wa mwalimu si ruhusa ya kumwaga sumu masikioni mwa watoto nchi ikiwa vitani. Wenye mamlaka na waitazame shule hiyo.'"

Aliisoma mpaka mwisho, kwa madoido yake yote, kwa sababu ulimi wake ulizoea kutangulia na akili ikafuata kwa nyuma. Akili ilipofika, akaliteremsha gazeti magotini. Hakuna aliyecheka tena. Watu walimtazama Fakihi, wakamtazama Severini, kisha mmoja mmoja akakumbuka kwamba ameacha kitu motoni.

Severini alibaki amekaa. 

"Mtani," Fakihi akasema polepole, "haya maneno ni yangu."

"Ni yako, mtani. Nilikuwapo ulipoyasema."

Ni vema hapa kueleza, kwa ajili ya wale ambao hawana watani, na poleni sana. Ukoo wa kina Likwata na ukoo wa Fakihi wote walishuka kutoka milima ya Kipatimu. Upande mmoja ulipata ubatizo, upande mwingine ukapata Kurani, lakini utani wao ulikuwa wa zamani kuliko vyote viwili, na hakuna padri wala shehe aliyethubutu kuugusa. Mtani humkuta mtani wake anakula akamwondolea sahani. Msibani ndiye anayezika, ndiye anayechekesha, na ndiye anayemsema marehemu mpaka wafiwa wanasahau machozi. Na lililo kubwa ni hili: mtani hakasirikiwi. Anayekasirika hutozwa kuku.

Basi siku ya kuondoa matanga ya baba yake mdogo Severini, Fakihi alifanya kazi yake. Alimvua mwalimu kofia, akaivaa yeye. Akasimama katikati ya uwanja akapaza sauti kwamba marehemu amekufa kwa aibu ya mwana huyu, mwalimu asiyejua hata kulima mhogo, anayewanywesha watoto wa watu maji ya dawa darasani ili risasi zigeuke maji, wakampige Kingi Joji kwa fimbo za kalamu. "Mfungeni!" alisema. "Na mkishamfunga, shamba lake nipeni mimi." Hata mjane alicheka, akajifuta macho kwa upande wa kanga.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa Eusebio, mwandishi wa gazeti, kijana wa Rasbura kule Lindi, mwenye viatu na soksi. Alikuja kuandika habari za michango ya vita, akaona watu wamekusanyika, akaketi. Si kwamba Eusebio hakujua utani. Nani wa pwani hii asiyeujua? Lakini alimwona mwenye duka amevaa kanzu, akamwona mwalimu ana rozari, na katika akili yake, Mwislamu na Mkristo wanaweza kuwa majirani, wanaweza kuwa maadui, ila watani hawawezi kuwa. Hakuuliza. Angemuuliza hata mpishi wa msiba angeambiwa.

Na uchungu wenyewe ni kwamba Eusebio huyohuyo ndiye aliyeandika ile sifa ya kwanza.

Ilikuwa hivi. Kitabu cha historia cha darasa la nne kilikuwa na mistari michache juu ya vita vya Majimaji: kwamba watu walidanganywa na waganga, wakapigana na Wajerumani, wakashindwa. Severini, aliyelelewa milimani kulikoanzia vita hivyo, aliisoma mistari hiyo mwaka wa kwanza, akaisoma mwaka wa pili, na wa tatu akafunga kitabu akaenda kumwomba Bibi Mwanaasha, mama yake Fakihi, aje darasani.

Bibi Mwanaasha alikuja na kigoda chake mwenyewe, kwa kuwa hakuviamini viti vya Serikali. Akawaambia watoto habari za shamba la pamba la jumbe, jinsi watu walivyoitwa kwa zamu wakaacha mashamba yao yakimezwa na nguruwe, jinsi kiboko kilivyolia. Akaeleza siku pamba ilipong'olewa. Akaeleza alivyokimbia porini na Fakihi mgongoni, na njaa iliyofuata baada ya bunduki kunyamaza, walipochimba ming'oko, viazi vya mwituni, mpaka ming'oko nayo ikaisha. Hakusema nani mwema nani mbaya. Alisema walichokula na ambao hawakurudi.

Ndipo Stefania, binti wa Klementi, akanyoosha mkono.

"Bibi, na hawa wanaochukuliwa siku hizi kwenda mashamba ya katani kwa amri ya vita, bila kuulizwa, wao si kama wale wa pamba?"

Bibi Mwanaasha akamgeukia mwalimu. Darasa zima likamgeukia mwalimu. Na nyuma ya darasa Eusebio, aliyekuwa amekuja kutafuta habari, aliinua kalamu.

Severini angeweza kusema hapana, akawa salama. Angeweza kusema ndiyo, akawa shujaa kwa muda wa siku mbili. Alisema, "Mimi siwezi kulijibu kwa haki, maana katani sijafika. Muulize aliyefika akarudi. Kisha uje utuambie kipi kinafanana na kipi hakifanani." Kengele ikalia.

Gazeti lilipotoka, habari ilikuwa kubwa: "Uhuru wa Elimu katika Milki ya Kingi." Lilisema kwamba kwa Hitla mwalimu hufundisha aliloamriwa tu, bali Kinjumbi mwalimu Severini Likwata husema kweli bila hofu, akaonyesha ukatili wa Wadachi, wale Wajerumani wa zamani, na watoto wakashangilia kwa makofi jina la Kingi Joji. Swali la Stefania halikuwamo hata kwa herufi moja.

"Makofi yapi?" mkewe, Brigita, alimuuliza alipomsomea.

"Ah, mama Romana, hayo ni mapambo ya waandishi," alijibu, akalibandika gazeti ukutani kando ya kioo, ili asubuhi akichana nywele alione.

Baada ya ile habari ya pili mambo yalikwenda haraka. Tarishi alikuja kutoka Kilwa na amri: somo la historia lisimame, na Mkaguzi wa Elimu atafika Alhamisi kuzungumza na mwalimu mbele ya wazee wa kijiji, pamoja na mwandishi wa gazeti. Tarishi, kwa wema wake, aliongeza kwa mdomo yale ambayo hayakuandikwa: kwamba kuna maelezo yameshatayarishwa, mwalimu atie sahihi kwamba amekosa, yachapwe gazetini. Asipotia, kazi hana.

Jioni hiyo Fakihi alikwenda nyumbani kwa Severini amebeba kuku.

"Wa nini huyo?" Severini akauliza. "Mimi sijakasirika."

"Ndiyo maana. Kama ungekasirika ningejua pa kuanzia." Fakihi alikaa kizingitini bila kukaribishwa, kama ilivyo haki ya mtani, lakini mabega yalikuwa yamemwanguka. "Nitakwenda Kilwa, mtani. Nitashika msahafu nile yamini kwamba nilikuwa natania."

"Utani hauliwi yamini. Ukishaulia yamini si utani tena, ni ushahidi. Na mimi sitaki watu waanze kuogopa kutania msibani kwa sababu ya gazeti."

"Basi tutafanyaje?"

"Njoo Alhamisi. Njoo ulivyo."

Brigita alikuwa amekwisha kumpokea kuku, asije mgeni akabadili mawazo. Alimfunga mguu, akarudi, akasimama mbele ya ukuta penye kioo.

"Baba Romana, nikuambie neno?"

"Hata nikikataa utasema."

"Uliposingiziwa mema ulinyamaza. Yale makofi ulijua hayakupigwa, na yule mtoto ulijua aliuliza. Ukabandika ukutani. Sasa umesingiziwa mabaya, unataka watu wasimame waseme kweli. Kweli ile ile, au nyingine?"

Severini alijisikia kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Alilitazama gazeti, akaona kwa mara ya kwanza jinsi lilivyopauka upande wa dirishani. Kisha akacheka, kwa sababu ukishindwa na mkeo nyumbani kwako, mbele ya mtani wako, hakuna njia nyingine ya kutokea.

Akalibandua taratibu, lisichanike. Alikuwa na kazi nalo.

Alhamisi watu walikaa chini ya paa la shule, madirisha yakajaa vichwa. Mkaguzi alikuwa Mwingereza mrefu aliyesema Kiswahili safi cha Unguja, kile kisichotafuta neno. Alikaa kwenye meza ya mwalimu. Eusebio alikaa kando yake, soksi zimejaa vumbi la njia. Bibi Mwanaasha alikuwa kwenye kigoda chake, na watoto wa darasa la nne wamepangwa ukutani.

Mkaguzi aliisoma ile habari ya pili kwa sauti kavu, akamuuliza Fakihi kama ndiye mfanyabiashara mwenyewe.

"Ndimi, bwana. Mashuhuri."

"Na maneno haya uliyasema?"

"Niliyasema yote, na mengine ambayo mwandishi ameyaacha kwa kunihurumia. Bwana, kabla sijaulizwa zaidi, nina habari nyingine ya gazeti. Naomba mwandishi aandike, tuko mbele ya umati kama siku ile."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Fakihi akasimama, akamvua mzee wa kwanza aliyekuwa karibu kofia, akajivika.

"Andika, bwana Eusebio. Mfanyabiashara mmoja mashuhuri wa Kinjumbi amesema kwamba mwandishi wa Mwanga wa Pwani, alipokuja kwenye msiba, alilala katika banda la kuku wake. Usiku akamla jogoo pamoja na manyoya. Asubuhi, badala ya jogoo, akawika yeye, watu wote wakaamka kusali. Mbona huandiki?"

Vicheko vilitoka dirishani kwanza, vikaingia ndani. Bibi Mwanaasha alishika mbavu. Eusebio alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi na uso umemwiva.

"Siandiki," alisema. "Huo ni uongo, na kila mtu hapa anacheka."

"Na siku ile ya matanga, nilipokuwa nasema habari ya maji ya dawa, walikuwa wanalia?"

Macho ya Eusebio yalimtoka Fakihi yakamwendea Severini, yakaona rozari, yakairudia kanzu.

"Ninyi ni watani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu milimani," Bibi Mwanaasha akamjibu. "Ungeuliza, mwanangu, ungeambiwa. Na wali ungepewa."

Hata Mkaguzi alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani alifurahi kuona jambo lenyewe ni jepesi, maana alikuwa na safari ya kurudi Kilwa. Alitoa kwenye mkoba ile karatasi ya kukiri kosa, akaipasua. Akatoa nyingine tupu, akaandika mistari michache.

"Vizuri sana. Gazeti litaeleza kwamba mfanyabiashara alitania tu," alisema. "Na kwamba mwalimu ni yule yule tuliyemsifu, anayewaonyesha watoto ubaya wa Wadachi, nao wakashangilia kwa makofi. Itawapendeza sana wakubwa, hasa sasa, watu wapate kuona tofauti yetu na adui. Tia sahihi hapa, mwalimu, kesho uendelee na somo lako."

Baraza zima likapumua. Fakihi alimrudishia mzee kofia. Severini alisogea mezani akaisoma karatasi, na kalamu alikuwa amekwisha kupewa mkononi. Kazi yake ilikuwa pale, na nyumba yake ya mwalimu, na darasa la nne ukutani likimtazama. Aliiweka kalamu mezani.

"Bwana Mkaguzi, makofi hayakuwapo."

"Hilo ni jambo dogo, mwalimu."

"Ndiyo, bwana, dogo. Lakini limewekwa mahali pa jambo kubwa." Akatoa mfukoni lile gazeti la sifa, lenye alama za gundi ya ugali nyuma yake, akalilaza kando ya lile la lawama. "Hili lilinisifu kwa somo ambalo sikulifundisha. Hili likanilaumu kwa somo ambalo sikulifundisha. Somo nililolifundisha halimo katika yote mawili. La kwanza nililinyamazia kwa sababu lilikuwa tamu, na hilo ni kosa langu. Hilo nitalitilia sahihi hata sasa."

"Somo lenyewe lilikuwa nini?"

"Bibi alisimulia alichokiona. Watoto hawakupiga makofi. Waliuliza swali." Akalisema swali lote, pamba na katani, bila kulipunguza wala kulitia chumvi.

Wazee walitazama miguu yao. Mkaguzi alimgeukia Eusebio.

"Ulikuwapo. Liliulizwa?"

Eusebio angeweza kusahau, na vita vilimpa kila sababu ya kusahau. Labda ni yule jogoo aliyemzindua. "Liliulizwa, bwana," alisema. "Nililiandika. Huko Dar es Salaam, gazeti linakochapwa, likaondolewa, makofi yakatiwa."

Mkaguzi aliondoa miwani, akaifuta, akairudisha. "Wakati wa vita, mwalimu, kuna maswali yanayongoja."

"Bwana, gazeti lenu lilisema mwalimu wa Kinjumbi yuko huru kusema kweli, na mwalimu wa Hitla hayuko. Mimi niliamini. Kama ni kweli, basi swali la mtoto lina ruhusa ya kukaa darasani mwangu. Kama si kweli, nihamishe, na gazeti liseme hivyo. Popote utakaponipeleka kuna watoto, na kuna vikongwe wanaokumbuka."

Alikuwa ametulia kabisa. Baadaye alimwambia Brigita kwamba tangu aanze ualimu hakuwahi kusimama mbele ya darasa akiwa na hakika ya somo lake namna ile. Brigita alimwambia asianze tena kujisifu.

Mkaguzi alitazama ukutani walipokuwa watoto. "Nani aliyeuliza?"

Severini alifanya kama atasema kitu, lakini Stefania alikwisha kusogea mbele, mikono nyuma, kama wanavyofundishwa.

"Na mwalimu alikujibu nini?" Mkaguzi akamuuliza kwa upole.

"Alisema hawezi kulijibu kwa haki. Alisema nikamuulize aliyefika katani akarudi."

"Umemuuliza?"

"Bado, bwana. Ni baba yangu. Hajarudi."

Mkaguzi alimtazama yule binti, kisha akaitazama karatasi yake iliyosema makofi. Sijui aliwaza nini. Nijuavyo ni kwamba aliikunja, akaitia mkobani bila sahihi, akasimama.

"Somo liendelee," alisema. "Na gazeti lisiandike lolote kuhusu somo hili, baya wala zuri."

"Nashukuru, bwana," Severini akasema, "ila mimi nisingeomba hilo la pili."

"Najua usingeomba. Chukua nusu yako, mwalimu." Akavaa kofia akatoka. Mlangoni alimwamkia Bibi Mwanaasha shikamoo, na bibi akamwitikia marahaba kama anavyomwitikia kila mtu.

Gazeti la mwezi uliofuata lilipofika, Fakihi alikaa juu ya debe akasoma jina, mwezi, mwaka na bei. Kwenye ukurasa wa mwisho walikuta kwamba Mkaguzi wa Elimu alizuru shule ya Kinjumbi, akapendezwa na bustani ya mihogo. Watu walicheka hadi wakakohoa, maana bustani ile nguruwe walikuwa wameimaliza tangu mwezi wa Ramadhani. Severini aliliomba gazeti likishasomwa. Aliyabandika yote matatu ukutani mwa darasa la nne, la sifa, la lawama na la mihogo, na chini yake akaandika kwa chaki: Nani alikuwapo? Nani aliulizwa? Nini kimeachwa? Wakubwa wakipita waliona ukuta una magazeti ya Serikali, wakafurahi.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku Stefania alipochelewa shule. Severini alikuwa ameanza kukasirika alipomwona mlangoni, amelowa, amemshika mkono mtu aliyekonda, mwenye viganja vilivyochanwachanwa na miba ya katani.

"Mwalimu, nimemleta aliyerudi."

"Karibu, baba Stefania," Severini akasema. Alivuta kiti chake cha ualimu akamwekea mbele ya darasa, naye akaenda kukaa kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kidevuni. Klementi alikitazama kiti, akakiketia ukingoni. Mvua ilikuwa inapiga makuti.

Stefania alikaa mahali pake. Kisha, kwa kuwa ndivyo utaratibu wa darasa ulivyo hata kwa baba yako mzazi, alinyoosha mkono akangoja aitwe.